Ruhusa ya Mchana

Jina la Bi Pasi hakupewa kwa mapenzi. Alipewa kwa sababu alikuwa moto, ukimgusa vibaya unaungua. Pale kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli, alisimama mbele ya pasi kubwa ya mvuke tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na hakuna msimamizi aliyemkaripia akaondoka bila majibu yake.

Mume alikuwa amekwenda zake kwa mwanamke mwingine, na Bi Pasi husema mwanamke huyo alimpunguzia kufua. Watoto walikua wakatawanyika. Aliyebaki nyumbani ni mama yake mzazi, ambaye kiharusi kilimlaza kitandani na kumwachia maneno ya kuokoteza, moja leo, moja kesho. Asubuhi na jioni Bi Pasi alimudu. Shida ilikuwa mchana, maana mtu aliyelala vile asipogeuzwa, ngozi inaoza angali hai.

Kwa bahati nyumba na kiwanda vilikuwa pua na mdomo. Na kwa bahati kubwa zaidi, palikuwa na Mnara, mkunja mashuka, mwanamke mrefu hadi milango humwinamisha. Msimamizi akienda kula, Mnara huacha meza yake akashika pasi, Bi Pasi akachomoka kwa mlango wa nyuma. Anafika, anambadilisha mama, anamgeuza aelekee dirishani, anamnywesha maji, anarudi anahema.

"Nenda," ndivyo Mnara alivyomwambia kila mchana, basi. Bi Pasi akirudi, Mnara humuuliza mama kasemaje.

"Kasema nimenenepa."

"Akili zake zipo, basi."

Ndipo akaja afisa mpya wa utumishi, binti mpole. Alitumwa atengeneze mpango mpya wa matibabu, akawaita waliovuka miaka arobaini awasikilize. Huyu akataja mgongo, yule presha. Mzee wa boila akaomba meno mapya, wenzake wakamuuliza anataka kumng'ata nani. Bi Pasi angeweza kukaa kimya. Lakini binti yule aliuliza huku akimtazama mtu usoni, na Bi Pasi alikuwa hajaulizwa kitu kwa upole siku nyingi.

"Mimi siumwi, mwanangu," akasema. "Anaumwa mama. Hiyo kadi yenu ya matibabu inamjua mume na watoto. Mume sina, na watoto wangu wana ndevu. Mama yangu mtamweka wapi?"

Binti akauliza anamuuguza vipi na yuko kazini kutwa. Bi Pasi akamwaga mtama wote. Akamsifu Mnara mbele za watu, kwamba pasipo huyu kushika ile pasi, mama angekuwa ameoza zamani. Alidhani anamvisha mwenzake taji. Mnara alikuwa anatazama sakafu.

Binti alipigana kweli kweli, tusimnyime haki yake. Wazazi wakaingizwa kwenye kadi, na anayeuguza akapewa ruhusa ya mchana, kuanzia mwaka mpya. Lakini wakubwa waliokubali hayo ndio hao hao waliouliza ni nani anayeshika mashine ya moto ambayo si yake. Mnara akapewa onyo, akahamishiwa upande wa maji, kwenye matangi ya sabuni, miguu ikilowa kutwa. Mlango wa nyuma ukatiwa kufuli.

Bi Pasi alimfuata kule kwenye matangi kumwomba radhi. Mnara hakuacha kusuuza.

"Ungenitukana, dada, ningekuwa bado mezani kwangu," akasema. "Wewe ukanisifu."

Mwaka mpya uko mbali sana kwa mtu aliyelala. Binti aliomba ruhusa ianze mapema, akajibiwa kwamba tarehe ikishapangwa imepangwa. Jirani alijaribu kuingia mchana, lakini naye ana biashara yake, na mgonjwa alikuwa mzito. Mgongo ukachubuka. Mchubuko ukawa kidonda, kidonda kikawa shimo, ikaja homa. Neno la mwisho la mama lilikuwa "Dirisha." Bi Pasi akamgeuza. Walimzika kadi bado hazijatoka.

Mpango ulipoanza watu walipiga makofi, na Bi Pasi alipiga pia, si kwa unafiki. Ulikuwa mpango mzuri. Mpishi wa kantini alikuwa ameshampeleka baba yake kupimwa macho.

Kengele ya mchana ikalia. Bi Pasi akaweka shuka chini na miguu ikashika njia yenyewe kuelekea mlango wa nyuma, ambao sasa ulikuwa wazi, mlinzi kando yake akiwapisha wenye ruhusa. Alipofika katikati ya chumba ndipo akakumbuka. Akasimama pale kama aliyesahau alichofuata.

Nyuma yake pasi ikapumua mvuke. Alipogeuka, Mnara alikuwa ametoka kwenye matangi, viatu vya mpira vinachuruzika maji, mikono yake mirefu imeshika lile shuka.

"Nenda," Mnara akasema, bila kumtazama.

"Niende wapi?"

Mnara akalitandaza shuka kwenye pasi. Bi Pasi akarudi, akashika ncha ya pili, wakalinyoosha wote wawili, shuka la wageni wasiowajua.