Waihuka Yapanda Uzito

Merepeka Tūhoro aliendesha basi la shule katika bonde la Waihuka, pwani ya mashariki ya Nyuzilandi, na ndiye aliyekuwa kocha wa raga ya watoto. Hakuna aliyemchagua. Basi lilikuwa lake na mdomo alikuwa nao, basi.

Mwaka ule chama cha raga cha mkoa kilitoa neno. Bonde litakaloshindwa kupeleka timu kamili kwenye mashindano ya watoto, au litakaloacha mechi hata moja, timu yake itavunjwa na watoto wake wajiunge na timu ya mjini. Mjini ni mwendo wa saa mbili kwa gari, na Merepeka alijua wazi kwamba hakuna mzazi wa Waihuka ambaye angewapeleka watoto mazoezini huko kila juma. Raga ya bonde ingekufa hivihivi, kimya kimya, na wakubwa wangeiita mipango.

Alikuwa na watoto kumi na watano, wa akiba hakuna. Huko watoto hupangwa madaraja kwa uzito wa mwili, na hawa waliandikishwa chini ya kilo hamsini na tano.

Asubuhi ya safari walisimama kwenye ukumbi wa ukoo kuombewa. Kumbe kina bibi walikuwa jikoni tangu alfajiri. Meza zilijaa mikate ya kukaanga, nyama ya kondoo na viazi vitamu.

"Bibi Wikitōria, hawa wanakwenda kupimwa uzito," Merepeka alinong'ona.

"Kwani wanakwenda kuuzwa? Kaeni mle!"

Chakula cha ukumbini hakikataliwi. Merepeka alikaa, akala, tena akaongeza.

Mjini, Te Aomihia, binti wa kaka yake na nguzo ya mstari wa mbele, alipanda kwenye mzani. Alizidi nusu kilo. Bila yeye wangekuwa kumi na wanne, na timu pungufu haichezi.

"Kuna muda bado," alisema Bwana Gilmour, msimamizi, mzee mpole. "Mvishe makoti ya mvua akimbie, atoke jasho. Wengi hufanya hivyo."

Te Aomihia alikuwa ameshaanza kulia. "Nitakimbia, Shangazi. Hata nikitaka kutapika nitatapika."

Hapo Merepeka alipandwa na hasira, zaidi akijikasirikia mwenyewe. "Hutatapika chakula cha bibi zako. Futa machozi." Akamgeukia mzee. "Mzito hashuki daraja, sawa. Mwepesi je, anaruhusiwa kupanda?"

"Anaruhusiwa, lakini..."

"Basi tupandishe. Wote."

"Mama, wale wa juu wana ndevu!"

"Tutawanyoa."

Watoto walicheka, na kicheko kile kiliwafikisha uwanjani. Ndani ya uwanja hakikuwasaidia sana. Mechi ya kwanza walipigwa vibaya, ya pili vibaya zaidi. Merepeka alitembea kando ya mstari akipiga kelele mpaka sauti ikakauka: "Chini! Mshike miguu! Hakuna mtu anayekimbia bila miguu!" Aliogopa. Kila mtoto alipoanguka, moyo wake ulianguka naye, lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Katika mechi ya mwisho, dakika zikiwa zimebaki chache, mwamuzi alisimamisha mchezo akamfuata. "Mama, tuishie hapa. Hakuna atakayewacheka."

Merepeka aligeukia uwanja. Tope lilikuwa limewafunika watoto hata hakutambua nani ni nani.

"Refa," Te Aomihia aliita kutoka katikati ya uwanja, "mpira ni wetu. Tunakusubiri wewe."

Mwamuzi akarudi. Wakacheza. Jitu moja la timu pinzani likaupokonya mpira likapenya, watatu wa Waihuka wakaling'ang'ania hadi likaanguka, na filimbi ya mwisho ikalia wakiwa bado wamelikalia.

Hawakupata hata pointi moja. Bwana Gilmour alikuja na kalamu yake, akakohoa. "Mechi zote zimechezwa. Waihuka inabaki. Mwakani niwaandike uzito gani?"

Merepeka aliwatazama watoto wake, nao wakamtazama.

"Huu huu," alisema.