Mguu wa Akil na Nyumba ya Mwanakuu

Alama ya chokaa ilipigwa mlangoni siku ya Jumatano. Akil aliiona akitoka kwenda kusali adhuhuri, akaiacha pale pale. Mtaa mzima wa Kibokoni ulijua maana yake: nyumba hii ina kodi ya miaka miwili haijalipwa, na wenyewe wana siku kumi na tano. Zikipita, nyumba yanadiwa.

Kabla ya vita vya Wajerumani, Akil alikuwa mwashi, na nyumba hiyo aliijenga kwa mikono yake, jiwe kwa jiwe. Alipochukuliwa askari kupelekwa upande wa Taita, alifanya wafanyavyo wacha Mungu wakiikabili safari isiyo na hakika ya kurudi: alilipa madeni. Akamlipa muuza chokaa, akamlipa fundi makuti, likabaki moja, nalo ndilo kubwa: mahari ya mkewe Mwanakuu, aliyoahidi siku ya ndoa na miaka ikapita hajaitoa. Akaenda kwa kadhi na mashahidi wawili, akamwandikia mkewe nyumba iwe mahari yake.

"Nikifa, nife mwepesi," alisema.

Hakufa. Alirudi na mguu mmoja na barua ya kuachishwa jeshi, na tangu hapo akawa mtu wa kukaa barazani akishona kofia za kuuza, maana mwashi wa mguu mmoja atapanda ukuta gani?

Ijumaa mbiu ikapigwa sokoni. Askari aliyelemaa vitani, mwenye nyumba yake, amesamehewa kodi, ya nyuma na ya mbele. Aje ofisini Jumatatu na barua yake na shahidi mmoja.

Mwanakuu alipiga kigelegele jikoni hata wali ukaungua. "Mguu uliouacha Taita umetuletea salamu, bwana wee! Nikidhani umekufa, kumbe wafanya kazi!"

Akil alicheka, kisha akaiweka chini sindano. "Wamesema mwenye nyumba yake, Mwanakuu. Nyumba ni yako."

"Yangu, yako, si sote twalala humu? Sema ni yako. Maneno ya ofisini hayo. Hati ya kadhi iko kashani, nayo haina mdomo."

Jioni akaja Hamid, ndugu yake Akil, tumbo moja, wala hawakuwa na ndugu mwingine. Kahawa aliyowekewa hakuigusa. "Shahidi ni mimi," alisema. "Nani aijuaye nyumba hii kunishinda?" Akainuka, akaanza kugonga boriti kwa bakora yake, moja baada ya moja, kama mtu ateuaye nazi.

"Zi nzima bado, ndugu yangu."

"Zi nzima."

"Alhamdulillahi. Mali ya ukoo hiyo."

Neno hilo lilimkwama Akil kama mwiba wa samaki. Yeye na Mwanakuu hawakujaliwa mtoto. Na kila aliyepita chuo cha Kurani alijua: mume akifa bila mtoto, mke hupata robo, na kinachobaki huenda kwa ndugu. Nyumba ya Mwanakuu haikuwamo katika hesabu hiyo. Nyumba ya Akil ingekuwamo. Siku mbili alishona kofia akifumua. Kila tundu likitoka kombo.

Jumatatu wakaenda, Hamid mbele, Akil na gongo lake nyuma. Karani alikuwa Levi, mtu wa Freretown, mpole, mwenye miwani. Akaisoma barua ya jeshi, akautazama mguu usiokuwapo, akasema pole. Kisha akafungua daftari.

"Nyumba ni ya nani, mzee?"

"Yake!" Hamid alijibu. "Mimi ndugu yake, nashuhudia."

"Vyema. Weka dole hapa kwenye wino." Akil akaliweka. "Na mrithi wako nani? Daftari lataka jina."

"Andika Hamid," Hamid alisema upesi, bila hata kumgeukia nduguye. "Hamid, kwa herufi kubwa."

Dole la Akil lilikuwa limeshalowa. Karatasi ilikuwa shubiri moja tu mbele yake, na ng'ambo ya karatasi hiyo palikuwa na mlango usio na chokaa, na usingizi. Akalikunja dole kiganjani.

"Bwana karani, nyumba si yangu. Ni ya mke wangu. Ni mahari yake."

Hamid akaachia mguno. "Wazimu huo! Mtu huyu risasi ilimpiga kichwani, si mguuni!"

Levi alivua miwani. "Mzee, fikiri. Sheria yasema askari mwenye nyumba. Mkeo alikwenda vitani?"

"Hakwenda."

"Basi sina la kukuandikia. Zimebaki siku kumi."

Hamid ana miguu miwili. Alifika Kibokoni kwanza. Akil alipoukaribia mlango, alimkuta Mwanakuu amesimama pembeni ya ile alama, mikono kiunoni. Akajua habari zimeshamtangulia.

"Shemeji amekuja akifoka," Mwanakuu alisema. "Ati umeutupa msamaha wa serikali. Nikakukasirikia, wallahi nilikukasirikia. Kisha akasema ati hata jina lake la mrithi umemnyima."

Akil alikuwa akilifuta dole kwa pindo la kanzu, na wino hautoki.

"Mrithi wa nini, nikamuuliza. Akachukua bakora yake, akaondoka. Hapo nikakuelewa."

Mpita njia aliitazama chokaa, akawatazama wao, akaamkia kwa sauti ya msibani.

"Kofia ngapi ziko tayari?" Mwanakuu aliuliza.

"Mbili. Ya tatu nimeifumua."

"Kwa siku kumi hazitoshi kulipa kodi."

"Hazitoshi."

Mwanakuu akaketi barazani, pale ambapo mwanamke wa heshima haketi mchana watu wakipita, akajifunika buibui vizuri, akanyoosha mkono.

"Nipe sindano," alisema. "Wewe shika hiyo ya tatu."