Sabato ya Theluji Kenmore

Majira yale ya baridi nilikuwa namhudumia bibi mmoja Myahudi huko Kenmore, karibu na Buffalo, Marekani. Alikuwa na moyo dhaifu na watoto wawili wasioelewana. Binti yake, mwalimu, aliishi naye na hakuwa mtu wa ibada. Mdogo wake wa kiume alishika dini sana. Kila Ijumaa alikuja kabla jua halijazama, akalala hapo mpaka Sabato iishe, kwa sababu siku hiyo hafanyi kazi wala haendeshi gari.

Ijumaa moja theluji ilianguka mchana kutwa. Giza lilipoingia, dada akamwomba kaka yake wasafishe njia ya gari, ili gari la wagonjwa lipite Mama akizidiwa.

"Sabato imeshaingia," alijibu. "Siwezi. Nitamwombea Mama."

"Maombi hayazoi theluji!"

Tulitoka wawili, mimi na dada. Alirusha theluji kwa hasira huku machozi yakimtoka. Nilimhurumia, lakini hata yule kaka sikuweza kumchukia. Kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, nilikokulia, mama yangu alikuwa akiomba hivyo hivyo, kwa sauti, wakati wengine tumepanga foleni ya maji.

Asubuhi njia ilikuwa imefukiwa tena. Nilikuwa namnywesha bibi chai aliposukuma kikombe, akaanza kutweta, midomo ikabadilika rangi. Nikaita kwa nguvu.

Kaka alikuwa amesimama sebuleni akisali, shali ya sala kichwani. Aliacha katikati ya neno. Kabla dada hajashuka ngazi, kaka alikuwa ameshashika simu, anaita gari la wagonjwa. Kisha akachukua koleo, akatoka na shali yake mabegani, bila koti, akaanza kuchimba.

Dada alibaki mlangoni ameduwaa. "Leo si Sabato?"

"Uhai wa Mama kwanza. Ndiyo sheria yenyewe."

"Na jana?"

"Jana Mama alikuwa anapumua vizuri." Hakuinua kichwa. "Chukua koleo lingine, Dada, tafadhali."

Wakachimba bega kwa bega. Mimi nilirudi kumkalisha bibi wima, nikimshika mkono na kumwomba Mungu kwa Kirundi. Gari lilipofika, machela ilipita bila kukwama.

Hospitali walisema maji yamejaa kwenye mapafu, ila tumewahi. Bibi alipotulia, kaka alitoa kitabu chake cha Zaburi, akamtazama dada yake kama anayeomba ruhusa.

"Soma," dada akasema. "Polepole tu, alale."

Akasoma. Dada hakuitikia amina, lakini alivua koti lake akamfunika kaka yake, maana nguo zake zilikuwa bado zimelowa.

Bibi alirudi nyumbani wiki iliyofuata. Siku ile ile wakagombana jikoni: dada alitaka mama afanye mazoezi ya kutembea, kaka alitaka apumzike, tena Sabato ilikuwa inakaribia. Bibi alinikonyeza, akaniomba nimpe fimbo yake, akaenda kuwanyamazisha mwenyewe.