Mita ya Kiguu na Njia

Shemeji yangu hajui kukaa. Mkaribishe kiti, atakishika mgongo kana kwamba anataka kukinunua, kisha ataondoka. Ndiyo maana tunamwita Kiguu na Njia, na dada yangu, aliyeolewa naye miaka ishirini na miwili sasa, anasema hata usingizini miguu yake inatembea.

Kazi yake ni kutunza betri za trela, zile nyumba ndogo za magurudumu ambazo watu hufunga nyuma ya gari wakaenda nazo safari. Safari zikiisha, wanazileta kwenye uwanja wetu na kuziacha miezi mitano, sita. Uwanja hauna umeme. Nguzo ziliishia barabarani. Betri ikiachwa hivyo hivyo inajifia polepole, maana hata taa zote zikizimwa, kengele ya ukutani ya kuonya gesi ikivuja inaendelea kuinyonya. Wenye trela hawalijui hilo. Kiguu analijua, na linamnyima raha.

Kwa hiyo kutwa yuko kati ya trela thelathini na moja. Anafungua waya wa hasi, anauviringishia kitambaa. Anasugua vichwa vya betri kwa magadi na maji ya moto mpaka ule unga mweupe utoke, anapaka grisi, anaongeza maji ya betri. Paneli zake nne za sola anazihamisha kutoka trela hadi trela. Anapima volti kwa mita, anaandika mlangoni kwa chaki, na kesho anapima tena. Fundi mwingine akipima, yeye anapima nyuma yake. Mlinzi akisema lango limefungwa, anakwenda kulitikisa.

Mtu mmoja tu alikuwa hampimii nyuma, nami ndiye huyo. Nashona mito na mapazia ya trela katika chumba cha pembeni pale uwanjani, na nikipata nafasi namsaidia. Nikisema "kumi na mbili pointi sita", anaandika. Nilimtania sana kwa wasiwasi wake, "Shemeji, hata betri inataka faragha," lakini heshima ile niliipenda kimoyomoyo. Sikuwahi kumwambia.

Ikaja zamu ya trela namba kumi na tisa, ya Mwalimu mstaafu na mkewe. Binti yao alikuwa amejifungua mbali, nao wangelala njiani mara mbili, ndani ya trela. Mke wa Mwalimu hulala na mashine ya kupumulia. Bila hiyo, pumzi inamkatika. Mashine ingekula betri usiku kucha. Kiguu aliiwekea betri hiyo paneli siku tano, na zote tano zikawa za mawingu. Alhamisi ilimbidi ampeleke dada kliniki ya macho, akaniachia maagizo.

"Alasiri toa paneli. Usipime. Betri ikitoka kwenye chaji inadanganya, inaonyesha imeshiba kumbe tumbo tupu. Iache ilale. Asubuhi pima, ndipo umpigie Mwalimu."

"Nimesikia, shemeji."

"Usipime leo."

"Nikuandikie barua nitie na sahihi?"

Mwalimu alikuwa amenipigia mara tatu, nami nilikuwa nimechoka kuulizwa. Nilitoa paneli, na mita nilikuwa nayo mkononi. Nikapima. Kumi na mbili pointi tisa. Nikaandika mlangoni, nikapiga simu: "Imejaa, njooni kesho." Asubuhi nikaanza na cherehani, namalizia mto alioagiza mke wa Mwalimu. Sikurudi kupima.

Walifika saa mbili. Kiguu naye akaingia, mita mkononi, akasimama mbele ya chaki yangu.

"Umepima asubuhi hii?"

Ningesema hapana, ingekuwa aibu ya dakika moja. "Asubuhi hii," nikasema.

Akairudisha mita mfukoni. Mtu anayetikisa lango lililofungwa aliirudisha mita mfukoni, akaanza kuifunga trela kwenye gari. Mke wa Mwalimu alinishukuru kwa mto. Mashine yake aliibeba mwenyewe kifuani, hakutaka iwekwe na mizigo mingine.

"Huyu ndiye mume wangu wa pili," akasema, tukacheka. Yule wa kwanza akawasha gari.

Nilirudi kwenye cherehani. Nikatunga uzi, ukachomoka. Nikatunga tena. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa hatua kama arobaini, kutoka kwenye cherehani hadi langoni. Nilizikimbia zote, nikasimama mbele ya gari.

"Sikupima leo. Nilipima jana, paneli ilipotoka tu."

Mwalimu hakuelewa. Kiguu alielewa, wala hakuniangalia. Alifungua sanduku la betri, akapima. Kumi na mbili kamili. Haikufika hata nusu.

"Hii ingezimika saa saba ya usiku," akasema, kisha akanyamaza, kwa sababu mama mwenyewe alikuwa anamsikiliza.

Alikwenda nyumbani kwa baiskeli, akaleta betri yake mwenyewe, ile anayoiweka imejaa kwa siku umeme unapokatika mtaani. Aliipima mbele yetu sote, akaifunga, akawasha mashine, akaisikiliza. Saa nne waliondoka.

Siku mbili zile roho yangu ilikuwa juu juu. Nilishona mto upande wa ndani ukawa nje. Kiguu alizunguka uwanja mpaka mlinzi akamwambia anamtia kizunguzungu. Jumapili mama akatuma ujumbe, nikamsomea Kiguu: "Tumefika. Nimelala vizuri usiku wa kwanza na wa pili. Mjukuu ana sauti kuliko mashine."

"Vizuri," akasema.

Nilimsubiri anigombeze. Nilitaka anigombeze, nimjibu, yaishe. Akaenda kulitikisa lango.

Jumatatu aliniomba nimpimie namba saba. Nilipima kwa makini, nikarudia.

"Kumi na mbili pointi sita."

"Haya, shemeji. Asante."

Akaandika mlangoni. Nikarudi chumbani, nikaketi, nikavuta kitambaa. Nilipoinua macho dirishani, nilimwona yuko namba saba, ameinama kwenye sanduku la betri, anatoa mita mfukoni.