Mkaa wa Vifuu kwenye Kikombe cha Mama Mkwe

Shule niliishia la saba, kwa hiyo sijui kama naandika sawasawa. Nitajitahidi tu nisijipendelee.

Mama mkwe figo zimechoka, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na mie ndo humpeleka. Siku moja fundi wa mashine aliniambia kuna machujio yaliyojazwa chembe za mkaa. Zimevikwa utando laini zisidhuru damu, na zinanasa uchafu ambao chujio la kawaida linauacha. "Mkaa mwingine unatokana na vifuu vya nazi," akasema. Hakuniambia nikautengeneze. Hilo niliandike wazi.

Lakini mie napika wali wa nazi wa kuuza hapa Temeke, vifuu vimejaa uani. Nikavichoma, nikatwanga, nikachekecha kwa kipande cha khanga. Kila asubuhi nikamkorogea kijiko kimoja kwenye yale yale maji machache ya kumezea vidonge vya presha.

"Kahawa gani hii haina hata tangawizi?" aliuliza siku ya kwanza. Akanywa.

Wiki ya pili presha ikapanda. Ikapanda tena, mpaka manesi wakasita kumuunganisha kwenye mashine. Wifi yangu akaja mbio kutoka Kipawa.

"Mama, unatema dawa! Unazificha wapi?"

"Nazimeza."

"Mtu mzima hivi, unatuzungusha kama mtoto!"

Akapekua mto, akainua godoro. Simlaumu, angejuaje? Mie nilisimama mlangoni na mwiko mkononi. Mama alinitazama mara moja, akageukia ukutani. Kama alikuwa ameshajua, sijui mpaka leo.

Mkaa niliacha siku hiyo hiyo, lakini sikutulia. Nilisugua sufuria ambazo ni safi. Nilitoka uani, nikarudi, nikatoka tena. Yule mama alikuwa anaitwa mwongo kwa ajili yangu.

Tulipomrudisha kusafishwa, nesi akauliza kama kuna kitu kingine alichotumia.

"Hakuna," wifi akajibu.

"Kipo," nikasema. "Mkaa. Nilimpa mie. Na dawa alikuwa anameza, nimemwona kwa macho yangu."

Nesi akaweka kalamu chini. "Dada, mkaa hauchagui. Unanasa uchafu, unanasa na dawa. Ule wa mashine umetengenezwa kwa kazi hiyo. Wako umetoka jikoni."

"Kumbe mganga tunaye ndani!" wifi akanirushia. Halafu sauti ikamkatika, akapiga magoti mbele ya kiti cha mama. "Nisamehe, mama."

"Inuka, utachafua gauni." Kisha akanigeukia. "Na wewe mwanangu, maji ya kesho yawe meupe."

Wakamfunga kipimo cha presha mkononi. Nikaanza kutembea, dirishani na kurudi, mpaka wifi akanishika mkono nisimame.

"Imeshuka kidogo," nesi akasema.

Kidogo. Ndo neno alilotumia, sijaongeza.