Mikebe Mitano ya Mtini

Jirani yangu hapa Ukunda ameniletea kijiti cha mtini ndani ya chupa ya plastiki yenye maji. Akaniambia nikiweke dirishani na nisikishughulikie mpaka kitoe mizizi. Leo ni siku ya nne, na nimekwisha kukiinua mara tisa kukitazama chini. Chai yangu imepoa, nguo ziko kwenye kamba na wingu la mvua linakuja, nami nimesimama na chupa mkononi, mtu mzima wa miaka sabini na ushei. Wewe wanijua, ndugu yangu. Subira sikujaliwa, na afadhali nikuhadithie ilivyonifanya.

Miaka ile ya hamsini tulikaa Diani, karibu na ufuo, katika nyumba ya udongo na makuti. Uani palikuwa na mtini. Babu aliuleta ukiwa kijiti aliporudi hija, kakizungushia kitambaa kibichi safari nzima. Mimi babu sikumdiriki. Nilichomjulia ni tini zake tu. Zilipoiva zilipasuka ngozi, na asubuhi tuligombea na ndege kuziwahi. Maziwa ya kikonyo yaliniwasha midomo, nikala vivyo hivyo. Nyingine bibi alizianika kwenye ungo juu ya paa la jiko, akaziweka kwa ajili ya futari.

Bibi alikuwa na mkono. Kwetu mtu mwenye mkono ni yule ambaye akichomeka kitu, kinashika. Watu walimjia kutoka Tiwi na hata Msambweni kumwomba akawapandie. Shimo walichimba wenyewe, samadi walitia wenyewe, lakini wa kuushika mche na kuutia ardhini alikuwa bibi, kwa bismillahi yake. Kisha hunywa chai ya mdalasini kwa mkate wa kumimina, akarudi nyumbani akitembea katikati ya njia kama aliyetoka kumwoza mtoto. Nilipofuatana naye nilijiona mtu mkubwa.

Mwaka mmoja, katika mwezi wa Rajabu, baba alirudi na habari kwamba kile kipande chetu cha ardhi kimenunuliwa na Mzungu anayetaka kujenga nyumba ya mapumziko. Tumepewa muda mpaka Idi, kisha tuhamie Bongwe. Nyumba ikachafuka. Mama alifunga vyombo, akavifungua tena kwa kuwa twavihitaji kupikia. Baba alikuwa akiinuka katikati ya kula. Mimi chuoni nilirukaruka aya, mwalimu akaniuliza nakimbizwa na nani. Bibi pekee ndiye aliyetulia. Alisema, "Minazi siwezi kuibeba. Mtini wa mume wangu nitakwenda nao."

Alikata vijiti vitano, kila kimoja unene wa kidole gumba na urefu wa shubiri, akakata chini kidogo ya kifundo. Akavilaza usiku mmoja maziwa yakauke, akavipaka jivu. Baba alitoboa mikebe ya samli kwa msumari. Mchanga tuliutoa kisimani, maana wa pwani una chumvi, tukauchanganya na samadi kuukuu ya mbuzi. Bibi akavichomeka, akapanga mikebe upenuni karibu na mtungi, na kila asubuhi akainyunyizia maji kwa vidole.

"Usiviguse," aliniambia. "Subira ni ufunguo wa faraja."

Nilikaa siku kumi. Kwangu mimi siku kumi zilikuwa umri mzima, na nataka unihesabie hizo. Ya kumi na moja vijiti vilichipua majani madogo, mabichi kabisa. Mama alifurahi. Bibi akamtuliza: "Majani si kitu. Kijiti chaweza kutoa majani kwa nguvu kiliyokuja nayo. Mpaka kishike chini." Neno hilo ndilo lililonimaliza. Kama majani si kitu, basi mtu atajuaje? Bibi alipoingia kuswali alasiri, nilikivuta kijiti cha kwanza. Chini kilikuwa kitupu, kina vinundu vyeupe tu. Nikakirudisha, nikaushindilia mchanga kwa kidole.

Tangu hapo sikuacha. Nilivuta cha kwanza, kesho cha pili, nikizunguka mikebe yote kisha naanza tena. Nilijiambia nasaidia. Ramadhani ikaingia, nyumba ikanukia kaimati na uji wa ngano, watu wazima wakilala mchana kwa saumu, nami mchana huo ulikuwa wangu. Siku moja nilivuta kijiti cha tatu, nikaona mizizi: minne, myembamba kama nyuzi za kushonea kofia. Furaha niliyoipata sina pa kuiweka hadi leo, maana sikuwa na wa kumwambia. Kesho yake nikakivuta tena ili niwe na hakika. Kijiti kilikuja, nyuzi zikabaki mchangani.

Majani yalianza kulegea siku chache kabla ya Idi, mkebe mmoja baada ya mwingine. Bibi alihamisha mikebe kivulini, akaongeza jivu, akasoma. Mwisho alivichomoa vyote vitano, akavipanga juu ya mkeka na kuvigeuzageuza. Mama akasema mti ungalipo, akate vingine, Bongwe navyo vitaota.

"Kwa mkono gani?" bibi alijibu. "Mkono wangu umekwisha. Kukata tena ni kuutesa mti bure."

Nilikuwa nimesimama kando ya mtungi. Maneno mawili tu yangetosha: ni mimi. Niliogopa kupigwa, ingawa bibi hakuwahi kunipiga. Niliingia ndani nikaanza kufunga vyombo kwa haraka isiyokuwa na maana, na nikavunja bakuli.

Tulihama baada ya Idi. Wiki ya kwanza Bongwe, mwanamke mshona makuti alikuja na tawi la asmini ndani ya kanga. "Shikamoo bibi. Nimekuja kuomba mkono wako."

"Marahaba, mwanangu. Mkono huo ulibaki kule," bibi akasema, akamkaribisha chai. Wengine walikuja, akawajibu hivyo hivyo, mpaka wakaacha kuja. Ua wetu wa Bongwe ulikuwa mchanga mtupu uliofagiliwa vizuri, na bibi aliishi pale miaka kumi na moja bila kupanda hata mchicha.

Siku hizi pale Diani pana hoteli, na mlinzi aliniuliza natafuta nani. Mtini ulikatwa zamani, kisima kimefukiwa, na ile desturi ya kuomba mkono sijaisikia tena. Watu wananunua miche iliyokwisha kuota. Navililia vyote kama mtu yeyote wa umri wangu. Lakini hivyo vilichukuliwa na wengine.

Nilipokaribia kuolewa, bibi alinikuta nakuna nazi uani. Akaketi kando yangu, akaushika mkono wangu akautazama kiganja kwa muda. "Huko uendako usipandepande ovyo, mjukuu wangu," aliniambia kwa huruma. "Nachelea umerithi mkono wangu. Utavunjika moyo bure."

Nikamwitikia, "Haya, bibi," nikaendelea kukuna nazi.