Gunia la Zaka Nililolichukua Tena

Baba alilima mahindi Munanila, na kabla ya mavuno kuingia ghalani alitoa zaka. Shamba lilinyweshwa na mvua tu, kwa hiyo kila gunia la kumi halikuwa letu. Alilipeleka mwenyewe kwa jirani yetu mjane, aliyelea wajukuu watatu katika nyumba iliyobomoka upande mmoja.

Mwaka aliougua tumbo, karibu mavuno yote tuliyauza tupate dawa. Bado alisisitiza zaka itoke. Mama alimsihi asubiri apone kwanza.

"Nikifa nayo humu ndani, nitajibu nini?" alisema.

Gunia nililipeleka mimi, kwa baiskeli.

Wiki mbili baadaye hali ikawa mbaya. Mganga wa zahanati akasema apelekwe Kasulu siku hiyo hiyo, apasuliwe. Nauli hatukuwa nayo. Bila kumwambia Mama, nilikwenda kwa mjane.

Nilimkuta uani anapepeta. Nikamweleza kwamba Baba anakufa. Alinitazama, akaingia ndani, akalitoa gunia akiliburuta. Lilikuwa limeshapungua karibu nusu.

"Chukua, mwanangu. Ni lenu hili."

"Si letu," nilimjibu, huku nikilifunga kwenye baiskeli.

Wajukuu walikuwa wamesimama mlangoni. Ningeweza kuwaachia hata debe moja. Sikuwaachia.

Nililiuza, tukakodi gari. Tulifika Kasulu jioni, na daktari akasema utumbo umeshatoboka. Baba aliishi siku mbili zaidi. Siku ya pili aliniuliza, "Nauli mliipata wapi?"

Nikasema mwalimu mmoja wa shuleni alitusaidia. Baba akainua mikono kwa shida, akamwombea dua mwalimu ambaye hakuwepo.

Mjane alikuja msibani, akakaa na wanawake wengine, hakulitaja gunia. Alikuja na mjukuu mmoja tu. Wale wawili wakubwa, nilisikia jikoni, alikuwa amewapeleka Muyama wakalime vibarua, walipwe chakula.

Mama hajui mpaka leo. Mavuno yaliyofuata nilimpelekea mjane magunia mawili, moja la zaka, moja la kulipa nililolichukua. Alipokea, akaniombea heri, akanisindikiza hadi barabarani.

"Wale wakubwa hawajarudi," alisema. "Nimetuma watu mara mbili. Hawaonekani."

Nilishika usukani wa baiskeli, nikamuuliza walikwenda kwa nani huko Muyama.